Wikiendi Ifakara, bila rimoti

Ukitaja wikiendi ya wawili, watu wanawaza Zanzibar, Bagamoyo au, kwa wenye uwezo wao, Ngorongoro. Ukisema unakwenda Ifakara utaulizwa nani amefiwa. Mie nilikwenda Juni iliyopita kumwona mume wangu, na ndani ya begi, katikati ya kanga na mikate, nilikuwa nimefunga mashine ya gemu isiyo na rimoti. Rimoti ni wewe mwenyewe. Ukiruka, yule wa kwenye TV anaruka. Ukiinama, naye anainama.

Kwa nini mashine? Ndoa yetu ina miaka minne, na miwili kati ya hiyo tumeiishi kwa simu. Mwenzangu alihamishiwa bonde la Kilombero kushughulikia mikopo ya wakulima wa mpunga, mie nikabaki Dar na uhasibu wangu. Tukikutana, mara moja kwa mwezi Mungu akijalia, tunajilaza kila mtu na simu yake, tunaonyeshana vichekesho vya watu wengine. Nikasema safari hii tutasimama wima.

Na lilikuwepo jambo jingine. Mwezi Mei alinitumia picha ya kiwanja chenye migomba na mwembe mmoja mkubwa, chini ameandika neno moja tu: "Unaonaje?" Kiwanja maana yake kujenga, na kujenga maana yake kubaki. Mie niliambiwa Ifakara ni ya mwaka mmoja. Nilikaa na ile picha siku tatu, halafu nikamjibu, "Nikija tutaongea."

Njiani

Basi linaondoka Dar alfajiri, linapita Morogoro, linakatiza hifadhi ya Mikumi (twiga wanakutazama dirishani, wala hudaiwi kiingilio), halafu pale Mikumi mjini linakunja kushoto kuelekea Kidatu. Hapo ndipo safari inapoanza kuwa na raha zake. Unavuka Ruaha Mkuu, unaingia kwenye miwa, miwa mpaka uchoke, na upande wa kulia milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta wa kijani. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na maporomoko ya Sanje yanashuka humo mita 170 hivi. Wenyeji wa njia hii watakuambia zamani ulikuwa unashuka Ifakara na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Siku hizi ile Kidatu–Ifakara, kilomita karibu 67, ina lami. Wamejenga hata njia ya tembo chini ya barabara ili wanyama wavuke kati ya Udzungwa na hifadhi ya Nyerere bila kukutana na basi letu uso kwa uso. Nililipenda sana hilo. Tembo wamefikiriwa kuliko watembea kwa miguu wa Dar.

Ifakara yenyewe ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare kabisa, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kwa baiskeli: gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, mama na mtoto mgongoni, mwalimu na madaftari yake. Hata mapenzi. Jioni utamwona msichana amekaa upande kwenye keria, mkono mmoja kiunoni mwa kijana, mkono mwingine umeshika viatu. Wapogoro, Wandamba, Wambunga, Wabena, wote utawakuta hapa, na wageni waliokuja na reli ya TAZARA tangu ilipofunguliwa 1976 wakanogewa wasirudi. Wali wa huku unaunusa kabla sufuria haijafunuliwa. Huo nauapia.

Kile kijicho

Sasa niwaelezeni hiyo mashine. Mashine yenyewe ni Xbox 360 ya mtumba, niliipata Kariakoo, na juu yake kuna kijicho chake kinachoitwa Kinect. Microsoft walikitoa Novemba 2010, na ndani ya siku 60 za mwanzo vikauzwa milioni 8, jambo lililokiingiza kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa kifaa cha elektroniki cha nyumbani kilichouzwa haraka kuliko vyote. Kabla yake Sony walikuwa na kamera ya EyeToy mwaka 2003, na Nintendo wakaja na Wii mwaka 2006, lakini kwa Wii bado ulishika kitu mkononi. Kinect ilikuwa haikutaki ushike chochote.

Inafanyaje kazi? Kijicho kinarusha chumbani maelfu ya vinukta vya mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kamera ya pili inatazama vile vinukta vimeangukaje, na kutokana na hapo inajua kila kitu kiko umbali gani. Halafu programu, iliyofundishwa kwa picha nyingi mno za miili, inakisia: hiki kiwiko, hili goti, hiki kisigino. Inafuata viungo 20 vya mwili wako, picha 30 kwa sekunde. Haijui sura yako ilivyo nzuri, jamani. Inajua mifupa yako iko wapi.

Kumbuka hilo la mifupa, maana ndilo lililoniletea habari.

Ijumaa usiku

Chumba cha mume wangu ni futi kumi kwa kumi. Kijicho kinataka mtu mmoja asimame futi 6 kutoka kwenye TV, na wakiwa wawili futi 8. Kwa hiyo kitanda tulikisimamisha ukutani, ndoo za maji zikatoka nje, na chandarua tukakifunga fundo juu kabisa, kwa sababu kikiachwa kuning'inia mashine inakiona kama mtu wa tatu asiye na miguu.

Kufunga chandarua Ifakara si jambo la mzaha. Mji huu umeishi na utafiti wa malaria miaka mingi. Mswisi Rudolf Geigy alifika hapa 1949, na kutokana na safari yake ilizaliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ni bonde hili hili lililofanyiwa majaribio makubwa ya kuuza na kusambaza vyandarua vyenye dawa. Ukifikiria vizuri, huku kulikuwa na kitambua mwili kisichohitaji rimoti kabla Microsoft hawajaota: mbu anafuata hewa unayotoa puani, joto lako na harufu yako, na hakosei mlango. Tulijipaka dawa mpaka tukateleza.

Nikavaa dera, si unajua tena joto. Mashine ikakataa katakata. Kwenye skrini nilikuwa na kichwa na mikono, chini hamna kitu, maana magoti yamefichwa na kitambaa. Nikabadilisha, nikavaa suruali ya mazoezi, nikapata miguu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na wajukuu wake. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hiyo TV ina adabu mbovu, inataka kuona miguu ya watu."

Gemu tuliyoanza nayo inaitwa Kinect Adventures, na sehemu ninayoipenda ni ya mtoni. Wawili mnasimama kwenye boti ya mpira, maji yanawashusha kwa kasi. Mkisogea kushoto boti inakwenda kushoto, mkiruka nayo inaruka. Haiwezekani mmoja acheze na mwingine apumzike. Tukacheza raundi tatu, na mara zote boti yetu ilikuwa inavuta kulia, inakwaruza ukingo.

"Mbona unavuta kulia?" nikamuuliza.

"Mashine ya mtumba hiyo."

Sasa, ile gemu ina kawaida moja: katikati ya mchezo inawapiga picha, na raundi ikiisha inawaonyesha. Ya kwanza mie nimetoa ulimi. Ya pili wajukuu wa mama mwenye nyumba wameingia. Ya tatu, tumeruka wote wawili, mie niko hewani, na mume wangu uso wake umekunjamana kama mtu aliyekanyaga msumari, uzito wote uko mguu wa kulia, wa kushoto ameuvuta juu. Aliipita ile picha haraka. Umeme ukakatika kabla sijauliza, na yeye akaingia kitandani akasema amechoka.

Kwenye kibanda

Jumamosi asubuhi tukaibeba mashine kwenye kibanda cha gemu cha jirani. Mabati, giza, mabenchi, TV nne, na vijana wanaocheza mpira wa PlayStation kwa kulipia mechi. Giza lile ndilo nililokuwa nalitaka, kwa sababu jua la Ifakara likiingia dirishani linafunika vile vinukta vya infraredi na kijicho kinapofuka kabisa.

Vijana hawakuvutiwa sana, niseme ukweli. Wao vidole vyao ni vyepesi kuliko mawazo, na Kinect ina kuchelewa kidogo: unapiga ngumi, mwanaume wa kwenye TV anaipiga nusu pumzi baadaye. "Shemeji, hii kitu inawaza kwanza," mmoja akaniambia. Kwa mtu aliyezoea pedi ni kweli inakera. Ila kulikuwa na dada anauza vitumbua nje, hajawahi kushika pedi maisha yake. Akaweka beseni chini, akajifunga kanga juu ya magoti, akaingia kwenye ndondi na kuwapiga watatu mfululizo. Hapo ndipo nilipoelewa kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Mwingine akauliza swali zuri: "Eti hii haiwaoni watu weusi?" Fununu hiyo ilikuwepo kweli. Kinect ilipotoka 2010, tovuti moja ya gemu ya Marekani iliandika kwamba baadhi ya wafanyakazi wake weusi walishindwa kutambuliwa sura. Consumer Reports wakafanya majaribio yao, wakasema tatizo lilikuwa mwanga hafifu, si rangi ya ngozi. Na hapo tunazungumzia kutambua sura tu, yaani kukuingiza kwenye akaunti yako. Kufuata mwili kunatumia infraredi na umbali, na pale kibandani, gizani, ilituona wote vizuri tu.

Ilituona vizuri hadi zamu ya mume wangu ilipofika. Alisimama, akainua mikono, na yule kijana mwenye kibanda akapaza sauti kutoka nyuma, kwa wema kabisa: "Bro, wewe usiruke bwana, mguu wako bado."

Kibanda kizima kikamtazama mguu. Kwa hiyo walikuwa wanajua wote. Muuza vitumbua alikuwa anajua. Mimi mkewe nilikuwa nimesimama pale na begi la waya.

Mtoni

Sikusema kitu mpaka tulipofika mtoni. Mto Kilombero uko kilomita chache tu kutoka mjini, na zamani ukitaka kwenda Mahenge au Malinyi ulikuwa lazima uvuke kwa kivuko. Kivuko hicho kilizama Januari 2016 na watu wakapoteza maisha. Tangu Mei 2018 kuna daraja la mita 384. Tulisimama darajani, chini maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wa kutisha, na huo ni msimu yakiwa yanapungua. Masika yakiwa makali bonde lote hili linakuwa ziwa. Ni ardhioevu ya kimataifa tangu 2002, karibu kilomita za mraba 8,000, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka huku.

Hapo akanieleza. Machi, mvua inanyesha, usiku, anatoka Mang'ula kwa bodaboda. Pikipiki iliteleza ikamlalia goti. Wiki mbili hakutoka ndani. Mama mwenye nyumba alimfulia, vijana wa kibandani walimletea chakula. Nikakumbuka zile wiki mbili: "Mtandao mbovu mke wangu, video haikubali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema, si unaona, Ifakara hiyo."

Na ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Lakini niliumia, tena si kidogo. Kwenye simu sauti ilikuwa nzima, utani upo, "nimekumiss" ipo, na miezi mitatu mtu anachechemea. Nikamwambia waziwazi kwamba ningependa kukasirika nikiwa na habari kamili kuliko kufurahi nikiwa sijui kitu.

Tulikuwa tumeshapatana na mzee mmoja, Mndamba, atupeleke na mtumbwi pembezoni mwa mto. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba," lakini macho yake yalikuwa kwa mume wangu anavyoshuka ukingoni. Kabla hatujaingia akapanga watu: "Bwana, wewe kaa katikati, huo mguu unyooshe. Mama, wewe mbele. Asiinuke mtu."

Hakuuliza chochote. Aliona tu.

Mtumbwi wa gogo moja hauna mchezo. Ukigeuza shingo kumtazama kwera kwenye matete, chombo kimeshajua. (Kuna kwera wa Kilombero, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya bonde hili. Sina hakika kama niliyemwona ndiye, lakini nimeamua ndiye.) Mzee alisimama nyuma na upondo wake, na kila tulipoyumba, unyayo wake ulikuwa umeshasahihisha kabla sijashtuka. Viboko walikuwa mbali, masikio tu juu ya maji. Alitupitisha upande wa pili bila haraka. Mume wangu nyuma yangu alikuwa ameshika bega langu, kwa uoga au kwa mapenzi, na katika mtumbwi hivyo viwili havina tofauti kubwa. Saa nzima hatukugusa simu. Mikono haikuwa na nafasi.

Jumamosi usiku, na kile kiwanja

Usiku umeme ulikuwepo. Tukaacha mambo ya kuruka, tukaweka Kinect Sports, upande wa bolingi: unajifanya umeokota mpira pembeni, unapiga hatua moja, unaurusha. Goti halisumbuliwi. Alinishinda michezo miwili, nikamshinda mmoja. Katikati tuliongea. Niligundua ni rahisi kusema mambo magumu mkiwa mmesimama bega kwa bega mnatazama mbele, hamtazamani. Yeye alisema hataki kurudi Dar kukaa kwenye foleni saa tatu kwa siku. Mie nilisema sitaki kuwa mke wa mtu anayeuguzwa na mama mwenye nyumba. Alisema kiwanja bado hajalipia, ameweka ahadi tu. Nilisema Ifakara sina kazi, na sijaja duniani kusubiri mtu arudi jioni. Hatukumaliza. Tulikwenda mpaka saa sita usiku mashine ikajizima yenyewe kwa joto.

Jumapili tulikwenda kukiona kwa baiskeli, mie kwenye keria. Alisisitiza aendeshe yeye kwa sababu eti kukanyaga pedeli ni mazoezi ya goti. Mwembe upo kweli, na ni mkubwa kuliko ulivyo kwenye picha. Majirani wanalima mpunga hadi usawa wa barabara. Jumatatu, kabla sijapanda basi, nilimpeleka kupiga eksirei, nikaisoma mwenyewe ile karatasi.

Kuanzia Septemba nimeomba likizo bila malipo ya miezi mitatu, niione Ifakara ikiwa si wikiendi. Mambo ya kiwanja yanasubiri hapo. Kinect imebaki huko. Muuza vitumbua, nasikia, hana mpinzani.

Ukitaka kwenda

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, njia kavu na mto umetulia. Ukitaka Udzungwa, shuka Mang'ula ulale hapo, kisha uendelee Ifakara siku ya pili. Mtoni patana bei kabla hujapanda mtumbwi, na uondoke asubuhi mapema, jua halijawa kali. Chandarua uliza kwanza chumba kina kipi.

Kuhusu mashine: ukinunua ya mtumba hakikisha unapewa na diski zake, kwa sababu duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 29, 2024, na Kinect zenyewe hazitengenezwi tena tangu 2017. Xbox 360 za mwanzo, zile nene, zinataka waya wa ziada wa umeme kwa ajili ya kijicho, na wauzaji wengi hawana. Jaribisha pale pale dukani, punga mkono mbele yake, ukiona kimkono kimetokea kwenye skrini ndipo utoe hela. Beba na stabilaiza.